Sura ya Saba: Gundi ya Siku Tatu

Jumatatu asubuhi, kipande cha ngozi kiligoma kutoka.

Sajini alikivuta kwa ukucha, kona moja kwanza, kisha ya pili. Kilikuwa kimeng'ang'ania kopo la majani ya chai kana kwamba kilizaliwa nalo. Alifungua daftari akaongeza mstari wa nne, na ukurasa ukasomeka: "Ijumaa saa sita mchana, kimebandikwa. Jumamosi saa mbili, kinateleza. Jumapili saa mbili, kona inanyanyuka. Jumatatu saa mbili na robo, kimeshika." Kisha akakaa akiutazama mstari wa mwisho. Badala ya kumsaidia, ulikuwa umemvuruga zaidi.

Kando ya kopo kulikuwa na mfuko wa nailoni wenye lakiri ya polisi, na ndani yake kamera ya zamani ya filamu, nyeusi, nzito kama tofali dogo. Juu yake ilichongwa namba kwa tarakimu nyeupe, ikiishia na 417. Namba hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye hati ya ununuzi ya Mzee wa Studio, mpiga picha aliyekutwa Alhamisi jioni chini ya ngazi za studio yake, amekufa, kisogo kimepasuka, kamera yake haipo. Ijumaa saa tatu asubuhi, polisi wakifuata simu aliyopigiwa, kamera ilipatikana mitaa minne kutoka hapo, kwenye karakana ya fundi wa kusafisha kamera kuukuu. Ilikuwa imepanguswa, imebandikwa ngozi mpya, inang'aa.

Kwa watu wengi kesi iliishia hapo. Kwa Mkuu wa Upelelezi iliishia kabla hata ya kifungua kinywa.

"Saa nane mchana anasimama mbele ya hakimu," Mkuu alisema akiwa mlangoni, kikombe mkononi. "Kosa la kuua. Jalada liko tayari?"

"Jalada liko tayari, Mkuu. Mimi ndiye siko tayari."

"Nini tena?"

"Gundi."

Mkuu aliingia, akavuta kiti, akakaa kama mtu anayejua kwamba chai yake itapoa.

"Alhamisi mchana Mzee alipiga picha za mahafali ya shule kwa kamera yake," Sajini alisema. "Walimu wanne walimwona. Gundi ya fundi huyu inataka siku tatu ndipo ishike. Nimeijaribu mwenyewe, hii hapa. Sasa Ijumaa asubuhi, nikiitia kamera hii kwenye mfuko, niliibinya ngozi yake kwa kidole. Haikusogea hata kidogo. Kwa hiyo ilibandikwa Jumatatu, au Jumanne asubuhi kwa kuchelewa sana."

"Basi walimu wamekosea siku."

"Mahafali yalikuwa siku moja tu, Mkuu."

"Basi ametumia gundi nyingine."

"Karakana nzima ina chupa moja."

Mkuu alikunja vidole kimoja kimoja. "Namba ni ya Mzee. Moja. Alhamisi saa tisa fundi alimpigia Mzee simu, dakika sita, na hataki kusema walizungumza nini. Mbili. Kitabu chake kinasema kamera hiyo aliletewa na nesi fulani wiki iliyotangulia. Nesi umemhoji mwenyewe. Kamera yake namba ngapi?"

"Inaishia na 902. Ana hati ya marehemu baba yake."

"Basi! Amepoteza kamera ya nesi, au ameiuza. Anajua Mzee ana nyingine kama hiyo hiyo. Anampigia, anamfuata, wanavutana kwenye ngazi, mzee wa watu anaanguka. Kuna nini cha kuumiza kichwa? Kamera moja haiwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, Sajini."

"Ndicho ninachosema mimi, Mkuu."

Mkuu alimtazama, kisha akalitazama kopo la chai. "Una mpaka saa saba na nusu. Ukirudi na kopo hilo tu, mimi natia saini."

Sajini alisimama kwenye korido nje ya chumba cha mahojiano, akafumba macho. "Ee Mungu," alisema kimoyomoyo, "sielewi. Usiniache nimfunge mtu kwa kitu nisichokielewa." Kisha akashika kitasa.

Fundi alikuwa ameketi wima, anasugua miwani kwa pindo la shati. Alikuwa mwembamba, miaka sitini na kitu, kucha fupi na safi kama za daktari mpasuaji.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Yule konstebo wako Ijumaa alitia kidole kwenye kioo cha kuchungulia. Nilimwona. Jasho likikaa wiki, linakula kioo. Mwambie apanguse."

"Fundi, leo saa nane unashtakiwa kwa kuua mtu."

"Najua. Na sikuua. Sasa na kioo nacho kife?"

Sajini alifungua daftari. "Alhamisi saa tisa ulimpigia Mzee wa Studio. Ulitaka nini?"

"Kumsalimu."

"Dakika sita za salamu?"

"Mtu mzima yule. Ana ndugu wengi wa kuulizwa hali."

"Ana mpwa mmoja tu. Ndiye aliyetuletea hati yenye namba."

Fundi alivaa miwani.

"Kamera tuliyoikuta kwako nani alikuletea?"

"Nesi. Alhamisi ya wiki juzi. Imo kitabuni. Ngozi yake ilianza kunyanyuka, nikabandika mpya."

"Uliibandika lini?"

"Jumatatu."

Hilo lilikubaliana na kopo la chai, na Sajini aliliandika polepole. "Lakini namba ya nesi ni 902. Hii ni 417. Unaelewa hapo?"

"Sielewi," Fundi alisema. Alisema haraka mno.

"Na mimi sielewi. Tofauti yetu ni kwamba wewe hutaki kuelewa." Alifunga daftari. "Simama. Nataka unifundishe kusafisha kamera."

Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, macho ya Fundi yalipata uhai. "Kwa bisibisi zangu?"

"Kwa kila kitu chako."

Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Juu ya mlango palikuwa na bango la mbao, herufi nyeupe kwenye rangi ya kijani: USAFI WA KAMERA. HATUKOSEI. Ndani mlikuwa na meza ndefu chini ya dirisha, taa ya mkono, brashi zilizopangwa kwa ukubwa na mitungi midogo ya pamba. Mke wa Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alikuwa ameketi kwenye kigoda na kitabu cha risiti mapajani, kana kwamba wateja wangeingia wakati wowote.

Alipoona pingu, aliinuka. "Baba Pacha, umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo. Midomo imekauka hivyo." Akamgeukia Sajini. "Na wewe mwanangu, umemlisha mume wangu?"

"Alipewa uji, mama. Aliurudisha."

"Ulikuwa na mabonge," Fundi alisema.

Konstebo alifungua pingu, akabaki mlangoni. Fundi alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akakausha kidole kimoja kimoja, kisha akachukua rafuni kamera mbovu, ya aina ile ile, iliyokosa lenzi.

"Kwanza," alisema, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mwalimu, "unaziba tundu la lenzi. Vumbi likiingia ndani umeharibu badala ya kusafisha. Pili, unapuliza kwa mpira huu, si kwa mdomo, mdomo una mate. Tatu, brashi laini. Watu wengi wanaanza na kitambaa. Kitambaa juu ya vumbi ni msasa."

"Halafu spiriti?"

"Spiriti unaitia kwenye pamba, humwagi kwenye kamera. Na rangi nyeusi huigusi kwa spiriti hata siku moja. Namba hizi unazichokonoa kwa kijiti cha meno, uchafu unatoka mzima mzima, kama nta ya sikio."

"Baba Pacha," mkewe alisema, "mgeni huyo."

"Na hapa rangi ilipochubuka?" Sajini aliuliza. "Unapaka upya?"

Fundi aliinua uso kama aliyetukanwa. "Mimi nasafisha, sipaki. Mtu akiniletea kamera ya baba yake, pale rangi ilipochubuka ndipo baba yake aliposhika miaka thelathini. Nikipaka, nimemfuta."

Sajini aliandika maneno hayo yote.

Fundi alichukua bisibisi nyembamba kuliko sindano ya kushonea viatu. Akalegeza skrubu tatu, akaondoa vifundo viwili, kisha akanyanyua bamba lote la juu la kamera kwa ncha za vidole. Likatoka zima, jepesi, kama kifuniko cha sufuria.

"Hii naiita kofia. Inatoka, inaingia kwenye beseni, maji ya vuguvugu na sabuni, mswaki wa mtoto. Ndani ya kofia ndiko uchafu wa miaka unakojificha."

Sajini aliinama karibu. Alitazama kofia mkononi mwa Fundi, akatazama kiwiliwili cha kamera kilichobaki mezani bila kichwa. Kuna kitu kilipita akilini mwake, akakikosa, akarudi kukitafuta.

"Fundi, namba iko wapi?"

"Hii hapa. Juu ya kofia."

"Na huku chini kwenye kiwiliwili?"

"Huku hakuna namba. Ya nini? Kofia na kiwiliwili ni kitu kimoja."

"Sasa hivi si kitu kimoja. Sasa hivi kimoja unacho mkononi na kingine kiko mezani."

Fundi alianza kuipangusa kofia upya.

"Ukiwa na kamera mbili za aina moja, kofia zote mbili ziko kwenye beseni, unajuaje ipi ni ya ipi?"

"Haitokei. Kofia moja, beseni moja. Miaka thelathini na moja."

"Hiyo ni sasa maji yapo," Mama Pacha alisema kutoka kigodani. "Mwezi wa tatu ulikuwa unazitia mbilimbili."

"Mama Pacha!"

"Nini? Maji yalipokatika nani alibeba ndoo toka kule kisimani? Wewe? Ulisema beseni moja kwa siku, kazi zote ndani, tusimalize maji."

"Nilizifunga uzi. Mwekundu na mweupe."

"Nyuzi zikatoka ndani ya maji. Ukaniita. Ukaniuliza, Mama Pacha, uzi mwekundu ulikuwa wa nani? Nikakwambia mimi nabeba maji, siyo nyuzi."

Konstebo mlangoni alijifanya anatazama mtaa.

Sajini alinyoosha mkono. Mama Pacha alimpa kitabu cha risiti bila kumtazama mumewe. Mwezi wa tatu, wiki ya pili, mistari miwili ikifuatana: Mzee wa Studio, kamera nyeusi, usafi wote. Nesi, kamera nyeusi ya marehemu baba, usafi wote.

Sajini alitoa kielelezo, ile kamera ya 417, kutoka kwenye mkoba, akakata lakiri mbele yao wote, akaandika saa. Akaomba kioo cha kukuzia. Pembeni, mahali mkanda wa kamera unaponing'inia, kipete cha mkanda kilikuwa kimekwaruza rangi kwa miaka mingi na kuacha upinde wa rangi ya shaba. Upinde ulianza juu ya kofia, ukateremka kwa ulaini, ukafika kwenye mshono wa kofia na kiwiliwili, ukakatika. Chini ya mshono, ukingo wa chuma ulikuwa mweusi, mzima, bila mkwaruzo.

"Hupaki rangi," Sajini alisema. "Umesema mwenyewe."

Fundi aliketi. Alionekana mdogo kuliko kiti.

"Niliiona Alhamisi," alisema. "Ngozi ilikuwa imeshika, nikafungua mipira iliyokuwa inaibana, nikawa napangusa mara ya mwisho. Kipangusio kikapita hapo. Nikasema, aa, macho. Nikavaa miwani nyingine. Bado."

"Ndipo ukampigia Mzee."

"Nikamwambia aniletee kamera yake Ijumaa, nimsafishie bure. Akaniuliza kwa nini bure, nikamwambia ni shukrani kwa wateja wa zamani. Akanichekea dakika nzima. Akasema tangu anijue sijawahi kumpa hata salamu bure." Alivua miwani. "Nilitaka nizirudishe kimyakimya. Nesi asijue, yeye asijue."

"Siku tatu uko mahabusu na hili unalo moyoni? Fundi, ungenyongwa kwa ajili ya kofia?"

"Nani angeniamini? Namba ni namba, Mkuu wako kaniambia mara tano. Na mngesema nimezibadilisha makusudi." Akaangalia juu ya mlango, mahali ambapo nyuma ya ukuta lilining'inia bango. "Na kusema kweli, kila nikitaka kusema, ulimi unakuwa mzito."

"Wa kwako mzito," Mama Pacha alisema, na sasa alikuwa analia, "na mimi niwaambie nini wale watoto? Baba yenu hakuua, aliona haya?"

Ilikuwa saa tano na nusu. Sajini alisimama katikati ya karakana, kichwa kinamzunguka, akijaribu kuziweka kamera mbili kila moja mahali pake. Hii ya mezani ni kiwiliwili cha nesi, chenye kofia ya Mzee. Ilikuwa hapa tangu wiki juzi. Kwa hiyo gundi haikosei, na walimu hawakukosea. Kumbe kamera aliyokuwa nayo Mzee Alhamisi, aliyoishika miezi yote hii bila kusoma namba yake, ni kiwiliwili chake chenye kofia ya nesi. Iliyoibwa ina 902.

Na yeye siku tatu alikuwa na macho ya 417 tu.

Alifungua daftari kwenye ukurasa wa Ijumaa jioni. Alikuwa amezunguka maduka sita ya vitu vilivyotumika, kuona kama kuna kamera nyingine za aina hiyo. Kwenye duka la tano aliandika kwa mkono wake: "Kamera nyeusi ipo. Si 417." Basi. Namba yenyewe hakuiandika; nesi alikuwa bado hajamhoji.

"Mungu nisamehe," alisema kwa sauti, na Mama Pacha, asiyejua ni kwa ajili ya nini, akaitikia amina.

Mwenye duka la tano aliitwa Kilakitu, kwa sababu ukimuuliza anauza nini, hilo ndilo lilikuwa jibu. Alikuwa mnene, mchangamfu, na alikula karanga akiwa amesimama kati ya majokofu mawili.

"Afande! Umebadilisha mawazo? Nilikwambia ile kamera inakufaa. Mtu kama wewe anatakiwa apige picha, siyo kuandika andika."

"Iko wapi?"

Aliileta kutoka kabati la kioo. Sajini aligeuza namba kuelekea mwanga: 902. Akageuza pembeni. Kofia ilikuwa nyeusi, laini, bila mkwaruzo. Chini ya mshono, bila kuanzia popote, upinde wa shaba ulijitokeza na kuteremka hadi kwenye ngozi. Alikuwa ameishika kamera hii hii Ijumaa, labda dakika mbili, akaisoma juu na kuirudisha.

"Nani kakuuzia?"

"Afande, mimi nafuata sheria. Kila anayeuza, nakala ya kitambulisho." Alipangusa chumvi kwenye vidole, akafunua jalada. "Alikuja Ijumaa, nafungua tu mlango. Kijana mstaarabu."

"Hakuwa na wasiwasi?"

"Wasiwasi wa nini? Alisema mjomba wake amefariki, wanapunguza vitu vya ndani. Nikampa pole. Lakini kuna kitu alifanya. Kabla hajaniachia, alitoa karatasi mfukoni, akalinganisha na namba. Mara mbili. Nikamuuliza, vipi, ina tatizo? Akasema hapana, akacheka. Akanipa kitambulisho bila hata kuombwa."

Sajini alitazama picha kwenye nakala. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana uso huo alikuwa amekaa nao mezani Ijumaa asubuhi, ukiwa umemletea hati yenye namba ikiishia na 417.

Mpwa wa marehemu alikuwa kituoni tangu saa saba, amevaa shati jeupe, tayari kwenda mahakamani kama shahidi. Sajini alimkaribisha kwenye chumba cha mahojiano. Mkuu alikaa kwenye kona. Juu ya meza palikuwa na kamera mbili, kila moja imefunikwa kwa kitambaa.

Alifunua ya kwanza. "Unaitambua?"

"Ni ya mjomba, Mungu amrehemu. Namba hiyo hapo."

"Mjomba wako alikuwa na kamera ngapi?"

"Nimeshasema. Moja tu. Maisha yake yote."

"Ni kweli, iko kwenye maelezo yako, na saini yako iko chini." Aliweka mkono juu ya kitambaa cha pili. Akakikunja upande mmoja tu, lenzi ikaonekana na ngozi ikaonekana, lakini sehemu ya juu ikabaki imefunikwa. "Na hii?"

Mpwa aliitazama. "Siijui."

"Uliiuza Ijumaa asubuhi. Kitambulisho chako kiko hapa."

"Ah, hiyo. Hiyo ni... hiyo si ya mjomba. Namba yake si hiyo. Angalia hati."

"Namba gani? Mimi sijakuonyesha namba."

"Nimeona wakati wa kuiuza."

"Uliitoa wapi?"

"Pale studio."

"Studio ya mtu mwenye kamera moja tu maisha yake yote."

Mpwa alitazama mlango. Sajini aliondoa kitambaa kabisa, akaziweka kamera bega kwa bega, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu upinde unaokatika kwenye moja na upinde unaoanzia hewani kwenye nyingine. Alimweleza habari za beseni kwa maneno machache. Mpwa alimsikiliza mdomo wazi, na uso wake haukuwa wa mtu anayeogopa. Ulikuwa wa mtu anayeelezwa hesabu iliyomshinda siku nyingi.

"Kumbe," alisema. "Nilipoona namba si ile ya kwenye hati, nikajua ni nyingine, haitafutwi na mtu. Halafu nyinyi mkaja na kusema mmepata 417." Akajishika kichwa. "Siku tatu najiuliza, mmeitoa wapi? Siku tatu, Afande! Nikadhani mnanitega. Nilitaka kuwauliza, ila ningewauliza vipi?"

"Na mjomba wako?"

"Alikataa kuniachia chumba cha chini pale studio. Nilimshika mkanda wa kamera tu. Nilivuta, akavuta. Ukakatika." Aliinamisha uso hadi mezani. "Alikuwa amesimama juu kabisa ya ngazi."

Mkuu aliinuka kutoka kwenye kona, akaita konstebo. Mlangoni alisimama karibu na Sajini na kumnong'oneza: "Pata maandishi ya fundi. Bila hayo, wakili wa huyu atasimama na kusema namba ni namba."

"Kama ulivyokuwa unasema wewe, Mkuu."

"Kama nilivyokuwa nasema mimi," Mkuu alikubali, na akaondoka kwa haraka kidogo.

Saa nane ilimkuta Fundi kwenye benchi la mapokezi, si kizimbani. Mama Pacha alikuwa kando yake na chombo cha chakula ambacho safari hii hakikurudishwa. Sajini alimletea karatasi, kalamu na ubao wa kuandikia.

Fundi aliandika kwa mwandiko mdogo, ulionyooka kama wa kuchonga. Sajini alisoma juu ya bega lake: "Mwezi wa tatu, kutokana na shida ya maji, huenda kofia za kamera mbili zilichanganyika."

"Huenda?" Sajini aliuliza.

Fundi alikata neno hilo kwa mstari mmoja safi.

"Zilijichanganya zenyewe?"

"Baba Pacha," mkewe alisema kwa upole, "andika twende nyumbani."

Kalamu ilikaa hewani. Mtu aliyekuwa akisubiri kuripoti baiskeli yake alikohoa. Hatimaye Fundi aliikata sentensi nzima, akaanza upya: "Nilizichanganya mimi, nikazifunga bila kuhakikisha, na nilipogundua nilinyamaza." Akatia saini, na tarehe, na akapuliza wino ukauke.

"Sasa nipe zote mbili," alisema. "Na bisibisi yangu. Dakika arobaini, zinakuwa zimerudi kama zilivyokuwa."

"Haiwezekani, Fundi. Ni vielelezo. Ukizirudisha, hakuna kesi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka hukumu. Na rufaa, kama itakuwepo."

"Na mahakamani zitaonyeshwa?"

"Kila shahidi atapewa azishike. Wewe utakuwa wa kwanza, uwaeleze."

Fundi alifikiri. "Basi niruhusu nifute vumbi tu. Vumbi si ushahidi."

"Hata vumbi, Fundi."

Fundi alisimama kwenye mlango wa stoo akimtazama Sajini anavyoandika vibandiko, kimoja kwa kila mfuko, na kuvisoma mara mbili, namba na alama ya ubavuni. Kamera mbili ziliingia kabatini, kila moja na kofia ya mwenzake. Sajini aligeuza ufunguo. Fundi alibaki pale pale, mikono safi imening'inia, mpaka Mama Pacha alipomshika kiwiko na kumwelekeza mlango wa kutokea.